Anayetaka Kuwa Muuguzi Aulize Nini?

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, familia nyingi za Tanzania hukaa kulijadili suala la kijana aende wapi, na uuguzi hauchelewi kutajwa. Hofu nazo hazichelewi. Binti anasema akiona damu anaishiwa nguvu. Kijana wa kiume anajiuliza wenzake watamwitaje. Mama anawaza zamu za usiku, baba anauliza mshahara na kama ajira zenyewe zipo, shangazi anakumbusha kwamba wauguzi ni wakali na mtoto wetu huyu ni mpole, ataweza? Hofu zote hizi ni za haki na anayezitaja hastahili kukemewa. Ila hazina uzito sawa. Zile ambazo mtu huwa nazo juu ya nafsi yake, yaani woga wa damu, udhaifu wa hesabu, jinsia yake au wasiwasi kwamba hana moyo wa kazi hiyo, karibu zote hutibika chuoni. Zile zinazohusu mahali pa kazi, yaani wingi wa wagonjwa, usalama, ajira na malipo, hazitibiki kwa wema wa mtu mmoja, awe mwema kiasi gani. Nyumbani kwetu tunazijadili za kwanza mpaka usiku wa manane, na za pili tunazipitia juu juu. Ingefaa tufanye kinyume.

Tuanze na damu, maana ndiyo inayowarudisha wengi nyuma. Mtu anayezimia akiona damu hana kasoro ya tabia. Mwili wake hupokea kile anachokiona kwa kushusha presha na mapigo ya moyo ghafla, damu inapungua kichwani, macho yanaingia giza, anaanguka. Kwa kuwa chanzo ni presha kushuka, dawa yake inajulikana: mtu akihisi dalili zinaanza, anakaza misuli ya miguu, tumbo na mikono kwa sekunde 10 hadi 15, analegeza kidogo, anakaza tena, na presha inarudi juu. Mbinu hiyo ilifanyiwa utafiti Sweden na inafundishika kwa muda mfupi. Mazoea humalizia kilichobaki. Mwanafunzi haingizwi chumba cha upasuaji siku yake ya kwanza. Huanza kwa kutandika kitanda, kupima joto na presha, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, na hatua kwa hatua anafika kwenye kidonda chenyewe. Hali ni hiyo hiyo kwa kumsafisha mtu mzima aliyejisaidia kitandani, kazi ambayo wengi huisema kwa sauti ya chini. Kuna namna ya kufunga pazia, ya kufunika sehemu isiyooshwa, ya kuzungumza na mgonjwa wakati mikono inafanya kazi, na anayeijua namna hiyo hulinda heshima ya mgonjwa na yake mwenyewe.

Hesabu na sayansi ni hofu nyingine ya kweli, kwa sababu milango ya chuo ina masharti yake. Nchini Tanzania anayetaka kuanza ngazi ya chini baada ya kidato cha nne anahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo biolojia, kemia na fizikia. Kenya stashahada huhitaji wastani wa C, na shahada C+. Lakini aliyekwisha kuvuka mlango huo na bado anaiogopa hesabu aitazame ile itakayomkuta wodini. Daktari ameandika mgonjwa apewe lita moja ya dripu kwa saa nane. Mpira uliopo unatoa matone 20 kwa kila mililita. Lita moja ni mililita 1,000, kwa hiyo ni matone 20,000. Saa nane ni dakika 480. Ukigawa unapata karibu matone 42 kwa dakika. Muuguzi anasimama kando ya chupa, anatazama saa yake, anahesabu matone na kurekebisha kwa kidole gumba kile kigurudumu cha mpira mpaka hesabu ikae. Ni kuzidisha na kugawanya, mambo ya shule ya msingi. Kinachotakiwa hapo ni umakini wa kuyarudia yale yale bila kukosea, hata saa tisa za usiku, kwa kuwa mtoto mdogo akipewa matone mengi kupita kiasi mapafu yake hujaa maji.

Kuhusu wanaume sina haja ya kukaa sana. Uchambuzi wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, uliokusanya takwimu za nchi 104, ulionyesha kuwa katika kanda ya Afrika wanaume ni asilimia 35 ya wauguzi, sehemu kubwa kuliko kanda nyingi za dunia. Kijana wa kiume anayeingia uuguzi leo atawakuta wanaume wenzake darasani, wodini na katika uongozi wa hospitali. Ni kweli wapo kina mama ambao hawangependa kuzalishwa na mwanamume, na hilo ni la kuheshimiwa: huulizwa, na inapowezekana hupewa wanayemtaka.

Hofu iliyo nzito kuliko hizo zote ni ile ya moyo. Tumezoea kusema kwamba uuguzi ni wito, kwamba muuguzi huzaliwa, na msichana mpole mwenye huruma akiambiwa hivyo hujiona anafaa, na mwenzake asiyejua kubembeleza hujiona hafai. Siudharau wito. Lakini ushahidi wa Tanzania yenyewe unaonyesha kwamba maisha ya wagonjwa huokolewa na kitu kingine zaidi. Kuanzia mwaka 2009, katika hospitali 8 za Tanzania, wakunga na wahudumu wengine wa vyumba vya kujifungulia walifundishwa jambo moja mahususi: la kufanya mtoto anapozaliwa halii wala hapumui. Umkaushe haraka, umpe joto, umsugue mgongo, usafishe njia ya hewa kama imeziba, na asipopumua uanze kumpa hewa kwa kifuko na barakoa ndani ya dakika ile ile ya kwanza. Walijifunzia kwa mwanasesere. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2013, vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza vilikuwa vimepungua kwa asilimia 47, na watoto waliozaliwa wafu muda mfupi baada ya kufariki tumboni walipungua kwa asilimia 24. Huruma wahudumu wale walikuwa nayo tangu mwanzo. Kilichoongezeka ni ujuzi wa mikono.

Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti waliona jambo jingine la kumfaa anayefikiria kazi hii. Mafunzo ya siku moja yaliwafanya wahudumu wafanye vizuri mbele ya mwanasesere, lakini wodini hayakubadili utendaji. Mabadiliko yalikuja pale mazoezi yalipofanywa mafupi na ya mara kwa mara, pale pale kazini, na mwanasesere akiwa karibu na chumba cha kujifungulia. Baada ya hapo vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Maana yake ni kwamba muuguzi hodari hutengenezwa na wodi yake pia. Wahudumu walikuwa wa hospitali hiyo hiyo. Taratibu za mazoezi ndizo zilizobadilika, na watoto wakaishi.

Hapa msomaji anaweza kunisimamisha. Kama moyo si kitu, mbona tunawaona wauguzi wenye vyeti wakiwafokea wajawazito? Swali hili ni zito na kina mama wengi wa Afrika Mashariki wanaweza kulitolea ushahidi. Utafiti uliofanywa kaskazini-mashariki mwa Tanzania uliwauliza kina mama waliokuwa wanatoka kujifungua, na karibu mmoja kati ya watano alisema alidhalilishwa: alifokewa, alipuuzwa, alipigwa, au aliachwa peke yake wakati wa uchungu. Walipoulizwa tena wakiwa nyumbani, wiki kadhaa baadaye, waliosema hivyo walifika asilimia 28. Ndiyo maana katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, watafiti wakishirikiana na jamii na hospitali walijaribu kulitibu tatizo hilo. Jamii na wahudumu waliandika pamoja mkataba wa huduma, wa nini mama atarajie na nini muuguzi atarajie. Kisha ndani ya hospitali wahudumu wenyewe wakabuni marekebisho: mapazia ya kumsitiri mama anapopimwa na anapojifungua, mahali pa faragha pa kumpokea, tangazo la dawa na vifaa vilivyokwisha ili mama asidhani ananyimwa, kuulizwa maoni kabla hajaondoka, na chai kwa walio zamu. Uwezekano wa mama kudhalilishwa ulipungua kwa karibu theluthi mbili.

Tazama orodha ile tena: mapazia, tangazo ukutani, chai. Humo hamna kumfukuza muuguzi kwa kukosa wito, wala kuleta malaika wa kuwabadili waliokuwepo. Mkunga aliye peke yake na kina mama sita wenye uchungu, asiye na glovu za kutosha, ambaye hajala tangu asubuhi na anayelaumiwa na ndugu kwa dawa ambazo bohari haikuleta, yuko hatua moja tu kabla ya kufoka. Kusema hivyo si kumtetea anayempiga mama. Huyo ana kosa, na Tanzania ina Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 na Baraza lenye mamlaka ya kumwadhibu. Ila kijana mpole anayeogopa kwamba kazi itamfanya mkali ana haki ya kuogopa, na ulinzi wake hautatoka moyoni peke yake. Utatoka kwenye idadi ya wenzake zamuni, kwenye vifaa, na kwa mkuu wa wodi anayewasikiliza.

Idadi ina ushahidi wake pia. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya, uliofuatilia wagonjwa 422,730 waliofanyiwa upasuaji. Kila mgonjwa mmoja alipoongezwa kwenye mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 uliongezeka kwa asilimia 7. Na kila asilimia 10 ya wauguzi wenye shahada walipoongezeka, uwezekano huo ulipungua kwa asilimia 7. Atakayesema hayo ni ya Ulaya na hayatuhusu ana hoja ya nusu, kwa sababu hospitali zetu zina mambo mengine mengi yanayoua. Lakini watafiti waliokaa kwenye wodi za watoto wachanga jijini Nairobi, wakiandika kazi ipi ya uuguzi inafanyika na ipi inaachwa, walikuta sehemu kubwa inaachwa, na kadiri watoto wanavyozidi kwa muuguzi mmoja ndivyo inavyozidi kuachwa. Mtoto anayetakiwa kulishwa kwa mrija kila baada ya saa tatu hurukwa zamu yake. Muuguzi anajua kwamba mtoto amerukwa, na kujua huko ndiko kunakomchosha mtu kuliko kusimama kutwa.

Hofu ya kuambukizwa magonjwa nayo ichukuliwe kwa vipimo vyake. Mtu akijichoma kwa sindano yenye damu ya mwenye virusi vya UKIMWI, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watatu kwa kila 1,000, na unapungua zaidi akianza dawa kinga mapema, kabla saa 72 hazijapita, na kuzimeza kwa siku 28. Homa ya ini aina ya B, ambayo vijana wachache huitaja, ni hatari zaidi: kwa asiyechanjwa uwezekano unaweza kufika asilimia 30. Chanjo yake ipo, ni dozi tatu ndani ya miezi sita, na mwanafunzi anapaswa kuianza kabla hajashika sindano ya kwanza. Tena ajali nyingi zina namna ya kuzuilika: sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko chake, inatumbukizwa moja kwa moja kwenye boksi la njano, na boksi halijazwi hadi juu. Magonjwa ya mlipuko ni shughuli nyingine. Gulu, Uganda, mwaka 2000, Ebola iliwaua wauguzi kadhaa wa hospitali ya Lacor pamoja na daktari wao mkuu, Matthew Lukwiya. Marburg ilipoingia Kagera mwaka 2023, watu tisa waliugua na sita wakafa, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Siwezi kumwambia mzazi kwamba hatari hiyo haipo. Ninachoweza kumwambia ni kwamba hukua pale glovu, maji na nafasi ya kumtenga mgonjwa vinapokosekana, na vitu hivyo hununuliwa kwa bajeti.

Zamu za usiku zinaumiza, na wanaozitetea kwa kusema mtu huzoea hawasemi kweli yote. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani mwaka 2019 lilirudia kuiweka kazi ya usiku kwenye kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani, ingawa ushahidi wake kwa binadamu bado una mipaka. Mwenye mtoto anayenyonya, au mwenzi asiyekubali usiku wa kazi, alizungumze nyumbani kabla ya kujiunga, si baada ya ratiba ya zamu kubandikwa.

Sasa ajira, swali la baba. Hapa kuna fumbo linalowakasirisha vijana wengi, na wana sababu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023 na bado ilipungukiwa na milioni 5.8, upungufu ukiwa mkubwa zaidi kwenye nchi kama zetu. Ripoti za sekta ya afya za Tanzania zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba karibu nusu ya watumishi wanaohitajika hawapo. Na bado wahitimu wenye leseni wanakaa nyumbani wakisubiri tangazo la ajira za serikali. Mambo haya mawili huenda pamoja kwa sababu uhitaji wa wagonjwa hauajiri mtu. Kinachoajiri ni kibali na fungu la mishahara. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba uuguzi hauna ukosefu wa ajira aelewe kwamba kazi ipo tele na nafasi za kulipwa ni chache. Mshahara nao hauletwi na sifa. Kenya, mwaka 2017, wauguzi wa hospitali za umma waligoma tangu Juni hadi Novemba wakidai mkataba wa pamoja wa malipo, na miezi ile mitano iliwaumiza wagonjwa maskini kuliko wote. Wapo waliowalaumu kwa kuusaliti wito. Mimi naona lawama hiyo hutumika kumnyima muuguzi kile ambacho mfanyakazi mwingine yeyote angekidai waziwazi.

Wengine hulipita swali hili kwa kusema watakwenda nje. Kwenda kunawezekana, ila njia si nyepesi kama inavyosimuliwa. Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza mwaka 2021, na mwaka uliofuata waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kati ya wauguzi 300 waliopelekwa kwenye mtihani wa Kiingereza ni 10 tu waliofaulu. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa, ambazo nchi tajiri zinatakiwa zisizifuate kuajiri wauguzi wake. Orodha hiyo haimzuii mtu kuomba kazi mwenyewe, lakini inapunguza milango. Anayejiunga na uuguzi kwa sababu ya pasipoti tu ajiandae kwa miaka kadhaa ya kufanya kazi hapa hapa kwanza, kwani waajiri wa nje, wa Ghuba wakiwamo, kwa kawaida hudai uzoefu.

Nitaambiwa kwamba kwa maneno haya nawakatisha tamaa vijana, na nchi inawahitaji. Kinyume chake, anayeacha katikati, aliyeingia akiwa ameambiwa kwamba upendo unatosha, ni hasara kwa nchi kuliko aliyeingia akiwa anajua. Na kazi yenyewe haifungi milango ya mbele. Anna Qabale Duba, muuguzi wa hospitali ya rufaa ya Marsabit, Kenya, alianzisha shule kijijini kwao Torbi, akapambana na ukeketaji na ndoa za utotoni, na mwaka 2022 alipewa tuzo ya kimataifa ya wauguzi ya Aster Guardians. Grace Ogot alianza kama muuguzi na mkunga kabla Afrika haijamjua kama mwandishi na Kenya kama mbunge.

Basi kijana aliyeshika fomu ya chuo na aulize hivi. Chuo hiki kimesajiliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na wahitimu wake wanapata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga? Hospitali ya mafunzo kwa vitendo ni ipi, na wanafunzi wangapi wanagombania kitanda kimoja? Chanjo ya homa ya ini wanapewa lini, na nani analipa? Nikijichoma sindano saa nane usiku, dawa nitaipata wapi? Wodi nitakayofundishwa ina wauguzi wangapi kwa zamu? Waliohitimu miaka miwili iliyopita wako wapi sasa? Mkuu wa chuo anayeyajibu maswali haya bila kukasirika ana chuo kizuri. Wazazi nao, mkienda mkutano wa kijiji au kumwona diwani na mbunge, msiishie kuuliza jengo la zahanati litakwisha lini. Ulizeni litakuwa na wauguzi wangapi, na fungu la mishahara yao limetengwa wapi.